Majivu Mangapi Mpaka London

Mwaka ule London ilikuwa karibu na Ifakara kuliko Mngeta. Sitanii, wala sikulitunga mimi. Liliamuliwa na watu wazima wenye akili zao timamu, mchana kweupe, kwenye baraza ya nyumba yetu, nami nikiwa ndani napepeta mchele na kusikia kila neno. Siku hizi ukiuliza Dar es Salaam na London ni umbali gani, mjukuu wangu anabonyeza simu yake na simu inajibu palepale: maili kadhaa, saa kadhaa kwa ndege. Namwambia hiyo simu yako haijui kitu. Ingejua ingeuliza kwanza: masika au kiangazi? Na anayesafiri atapika wapi?

Kwetu bondeni, wakati wa usichana wangu, yaani miaka ile ya hamsini, maili zilikuwa za serikali. Sisi tulihesabu majivu. Mtu akiwa safarini, jioni anatafuta mahali pakavu, anapanga mafiga matatu, anawasha moto, anapika wali wake, analala kando ya moto huo kwa sababu ya simba na mbu. Asubuhi anaondoka, anaacha majivu. Safari ya siku nne ina majivu matatu. Mgeni akifika, baada ya shikamoo na marahaba na habari za huko, kabla hajapewa hata maji, anaulizwa: "Majivu mangapi?" Anajibu mawili au anajibu matano, na kila mtu anajua amechoka kiasi gani. Na lazima moto uwe wako mwenyewe. Ukilala kwa mtu ukala chakula cha mwenyeji, yale ni majivu ya mwenyeji, hayahesabiwi. Hakuna aliyewahi kuona kasoro katika hesabu hiyo mpaka lilipoingia suala la ndege.

Baba yangu alikuwa mchonga mitumbwi. Alikuwa na tezo yake ya kuchongea, magogo yake, na maneno machache sana. Siku zote alinuka moshi, kwa sababu mtumbwi ukishachongwa alikuwa anaukausha kwa moto mdogo mdogo, akiukalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Hata akitoka kuoga, hata Jumapili na kanzu yake nyeupe ya kanisani, moshi ulitangulia kuingia ndani kabla yake.

Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo ya mto, kule juu ya Malinyi. Majivu matano. Masika moja alijifungua, homa ya uzazi ikamshika. Habari zilipotufikia Baba aliondoka saa ileile, tezo akaiacha imesimama kwenye gogo. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshanyeshewa mpaka likalala sawa na ardhi, ikabidi aonyeshwe kwa kidole. Alirudi nyumbani na hakusema na mtu mpaka mpunga ulipovunwa. Siku aliyofungua mdomo alisema jambo moja tu.

"Huyu aliyebaki haolewi zaidi ya majivu mawili. Na ni majivu ya masika, si ya kiangazi."

Aliyebaki nilikuwa mimi.

Nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane, maana nitamsema vibaya mbele kidogo. Nilimpenda baba yangu na nilimlilia dada yangu mpaka sauti ikanikauka. Lakini nami nilikuwa na mtu wangu, na mtu wangu alikuwa wa Mngeta.

Alikuwa anamletea Baba magogo ya mvule, anayafunga pamoja na kuyateremsha mtoni kutoka kwao. Alikuwa na pengo mbele, jino moja, na alipocheka hakuziba mdomo kwa mkono kama wenye mapengo wengine. Hilo ndilo lililonimaliza. Kiangazi Mngeta ilikuwa majivu mawili kwa miguu, ukipita chini ya milima. Masika ile njia inamezwa na maji, inabidi upande mto kwa mtumbwi, unasukumana na mkondo na matete na viboko, na hapo ni majivu matano, sawasawa na kule alikofia dada yangu. Alipokuja kugusia habari yangu, Baba hakumfukuza. Alimwonyesha vidole vitano, akaendelea kuchonga.

Nikakaa hivyo, sina hamu ya kula, mpaka fundi cherehani alipokuja na posa.

Huyu fundi alikuwa anashona kwenye baraza ya duka moja pale mjini, na alikuwa na mdomo kuliko cherehani yake. Alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aliyekuwa msaidizi wa daktari kisha akapelekwa London kusoma zaidi. Mimi nilimjua huyo mpwa kwa jambo moja: aliwahi kunidunga sindano ya homa, nikamwita jina ambalo siwezi kulirudia. Sasa mjomba wake alikuja nyumbani amevaa koti, mchana wa jua kali, kusema kwamba kijana anarudi likizo, anataka kuoa na kuondoka na mke wake kwenda kumalizia masomo huko. Miaka miwili.

Baba akamwambia, "Fundi, sheria yangu unaijua."

"Ndiyo iliyonileta, kaka," fundi akasema. Akaketi. "London haina majivu."

Walikuwepo wajomba zangu wawili waliokuja kwa ajili ya pombe, na mwalimu wa darasa la nne, aliyepita kumwamkia Baba akanaswa. Fundi akatoa barua ya mpwa wake aliyoandika mara tu alipofika London mwaka uliopita. Alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Kijana alieleza kila kitu. Walipaa Dar es Salaam asubuhi. Wakatua Nairobi, wakatua Entebbe, wakatua Khartoum, akasinzia amekaa, akaamka wako juu ya bahari, wakatua Roma, na siku ya pili kabla ya jua kuzama akashuka London.

"Walipika wapi?" Baba akauliza.

"Hawakupika. Chakula kinatoka kabatini, kimeshafunikwa."

"Na moto?"

"Moto mle ndani? Thubutu! Ndege imebeba petroli, kaka. Ukiwasha moto mnaungua wote na Mzungu wenu."

"Na kutoka hapa mpaka Dar es Salaam?"

"Lori mpaka Kilosa. Njiani amekula mkate na chai ya hoteli, moto wa mwenye hoteli. Kilosa kapanda treni, kala mayai ya kuchemsha aliyouziwa dirishani. Kibiriti hakukitoa mfukoni tangu Ifakara mpaka London. Majivu hakuna hata kijiko."

Mwalimu hakuweza kuvumilia. Alikuwa na ramani yake ndani ya mkoba, akaitandaza sakafuni, akamwomba fundi uzi. Akaubana kwa kidole gumba Dar es Salaam, akauvuta mpaka London, akaupima kwa rula. Kisha akasema kwamba hata ndege ikinyoosha bila kupinda popote, ni zaidi ya maili elfu nne na nusu. Halafu akapima Ifakara mpaka Mngeta, na uzi ule ulikuwa mfupi hata ukucha wake ukaufunika wote.

"Wazee wangu," akasema, "tazameni wenyewe."

Baba aliutazama ule uzi kwa muda mrefu.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na maili," alisema. "Siku ile nilipokwenda kwa mwanangu, si maili zilizonichelewesha. Kila jioni nilisimama. Nikawasha moto, nikapika, nikala, nikalala. Mara tano nilisimama. Hizo mara tano ndizo zilizomzika bila mimi. Kama London mtu anafika bila kusimama kupika, basi ni karibu."

"Lakini mzee, wewe hiyo ndege utaipata wapi?" mwalimu akauliza.

Baraza nzima ikamgeukia fundi. Fundi akakohoa, akalirekebisha koti.

"Hilo ni suala la usafiri," akasema. "Hapa tunazungumza umbali."

Jamani! Na wakakubali! Wajomba zangu wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ungo ukanitoka mkononi, mchele wote ukamwagika, na Mama, aliyekuwa jikoni hajasema neno tangu asubuhi, akaja tukauokota pamoja, punje kwa punje, bila kutazamana.

Masika ikaingia mapema mwaka ule. Barabara ya kwenda Kilosa ikawa uji. Mwishoni mwa Machi, fundi akaja anakimbia matopeni, barua ya ndege mkononi, ile karatasi nyembamba ya buluu. Mpwa wake aliandika: naondoka London Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, nategemea kuwaona karibuni. Fundi akahesabu kwa vidole. Jumatatu hiyo ilikuwa imepita wiki tatu na ushei.

Baba akauliza, "Basi yuko wapi?"

Fundi akaikunja barua. Halafu uso ukamng'aa, nikajua balaa linakuja.

"Ameshafika," akasema.

"Amefika wapi?"

"Hapa. London haina majivu, tulikubaliana. Mtu aliyeondoka mahali pasipo na majivu, wiki tatu zilizopita, atakuwa wapi kama si hapa?"

Baba alikuwa mtu wa haki mno, na mtu wa haki mno ni taabu tupu. Alisimama, akazunguka nyuma ya nyumba kumtazama. Naapa. Akachungulia na ghalani. Mjomba mmoja akatumwa dukani, mwingine gatini, wakarudi wakasema hawajamwona, ila inawezekana wamepishana naye. Kwa siku tatu Ifakara nzima ilikuwa inamtafuta mtu ambaye ameshafika. Wanawake kisimani waliniuliza mume wako hajambo, nikawaambia mkimwona mnisalimie.

Fundi hakutaka kungoja. Kama kijana amefika, alisema, jembe la posa lipokelewe, kuonekana kwake kutafuata. Kwetu jembe likishapokelewa, basi, umeshaposwa, na kulirudisha ni matusi ya ukoo kwa ukoo. Baba akasema yeye hawezi kuibatilisha sheria yake mwenyewe kwa sababu tu haimpendezi. Ikapangwa Jumamosi, siku kumi na mbili mbele. Fundi akaleta kiti, kiti kizuri cha mgongo mrefu, akakiweka barazani kwetu, na juu yake picha ya mpwa wake amevaa suti. "Akae huyo kwa sasa," akasema. Na Mama akaamriwa akipelekee chai. Nilimwona mama yangu mzazi akisimama mbele ya kiti na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi.

Nikapandwa na hasira ambazo sijawahi kuzipata tena maishani. Si hasira za kulia. Niliketi jikoni nikajiambia: hawa watu hesabu yao ni ya majivu tu. Haya. Mimi nitawapa hesabu yao.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa chumvi aliyekuwa anapanda mto na wapiga kasia wake wawili kwenda huko juu. Nilimfuata gatini nikamwomba ampelekee mtu wangu maneno haya: "Ufike kwetu kabla ya Jumamosi ya kupokea jembe. Njiani usiwashe moto hata mara moja. Hata kidogo." Mtu wa chumvi alinitazama sana. Akaniuliza kama kuna vita. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Walikaa vilevile: Baba, wajomba, fundi na koti lake, na mwalimu, aliyekuja safari hii kwa makusudi, nadhani alikuwa anakusanya ushahidi. Kiti kilikuwa katikati, na picha, na kikombe chake. Jembe lilikuwa jipya, limefungwa kitambaa chekundu. Mimi nilikuwa nimevalishwa, nimekaa mlangoni juu ya mkeka, macho gatini. Siku mbili nilikuwa sijaona mtumbwi wowote ukiteremka. Nilianza kufikiri ameliwa na mamba, au amedhani nimerukwa na akili, na hilo la pili lilinitisha zaidi.

Fundi alikuwa ameshaliinua jembe kwa mikono miwili aliposikia watu wanapiga kelele huko chini. Mtu wangu alikuja anatembea kama mlevi. Mbu walikuwa wamemvimbisha uso mpaka jicho moja limefunga, midomo imepasuka, miguu imeoza kwa maji, na alikuwa anatetemeka hadi kibuyu alichoshika kinagonga kifungo cha shati. Nilisimama. Mama akanivuta nikakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Baba akasema. Akamtazama juu mpaka chini. "Majivu mangapi?"

"Hakuna."

"Nakuuliza majivu mangapi."

"Hakuna hata moja, mzee. Juzi nilipotoka Mngeta nilikuwa na wali kwenye majani ya mgomba. Jana nikala ule wali umeshachacha. Usiku nikala ndizi mbivu. Leo sijala. Usiku na mchana sikusimama."

Akafungua kibuyu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha mpira wa tairi. Kilikuwa kibiriti. Kipya, kikavu, karatasi ya dukani bado imezunguka nzima, haijachanwa. Alikinunua asubuhi aliyoondoka, mbele ya watu, ili asije akaambiwa mwongo. Mimi hilo la kibiriti sikumwagiza. Alilifikiria mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ni wangu, na jembe lile likipokelewa nitaruka mtoni.

Baba alikigeuza kibiriti huku na huku. Akamsogelea mtu wangu, akamnusa shati, begani, na kwenye nywele. Hakukuwa na moshi. Ilikuwa harufu ya mto tu.

Fundi akaona mambo yanaharibika. "Sawa, hana majivu! Na wetu hana. Wamelingana. Lakini wetu ametangulia kufika, yule pale," akakinyooshea kiti mkono.

Hapo mama yangu akatoka. Alipita katikati ya wanaume bila hodi, akaitwaa ile picha akampa fundi, akakitwaa kikombe akaimwaga chai uwanjani. Kisha akamshika mtu wa Mngeta mkono na kumkalisha kwenye kiti. "Huyu akikaa, kiti kinalia," akasema. Na kweli kililia, maana alikuwa amelowa. Mwalimu akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa ramani.

Lakini Baba hakucheka. "Umekuja kwa kuteremka," akamwambia. "Maji yalikuleta. Siku mwanangu akiugua, mimi nitakuja kwa kupanda."

Mtu wangu alimtazama Baba kwa jicho lake moja. Kisha akainuka. "Kweli, mzee," akasema. "Basi ngoja nipande, unihesabie." Na akageuka, akaanza kuelekea gatini, miguu ileile, tumbo lilelile tupu.

"Weee! Rudi hapa ule!" Mama akapiga ukelele.

Ndipo Baba alipocheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu dada yangu alipokufa, na kwanza sikukitambua, nilidhani anakohoa. Alicheka akashika nguzo ya baraza. Kisha akafuta macho, akamwambia fundi alichukue jembe lake kwa heshima zote, na akamwambia mtu wa Mngeta aende akalete la kwake maji yakipungua. Kile kibiriti hakukirudisha. Alikitia kwenye kikapu cha tezo, chini kabisa.

Mtu wa London aliwasili wiki mbili baadaye, viatu mkononi, suti imekuwa rangi ya barabara. Ndege ilimchukua usiku mmoja, ila Kilosa alingoja lori mwezi mzima akila kwa mwenyeji. Lori lilizama kabla ya kufika mtoni Ruaha, akavuka, akatembea, akakwama Sanje siku nane akipika ndizi za kununua na kungoja vijito vipungue. Alipoulizwa alijibu bila aibu: majivu kumi na saba. Mwalimu aliandika kwenye daftari. Na alipoambiwa kwamba amekosa mke, kijana wa watu aliuliza mke gani. Mjomba wake hakuwahi kumwambia! Alikuja kuwasalimia tu. Alinijia kuomba radhi, na mimi nikamwomba radhi ya lile jina nililomwita siku ya sindano, tukaachana vizuri.

Niliolewa kiangazi, nikaenda Mngeta kwa miguu, majivu mawili, na niliyawasha mimi mwenyewe.

Masika iliyofuata nilijifungua mtoto wa kike. Alitoka vizuri, akalia vizuri. Siku ya tatu homa ikanipanda, nikajua ni ileile, maana dada yangu walisema ilianza vilevile, kwa baridi ya miguuni. Mume wangu hakuweza kuniacha, akamtuma kaka yake mtoni. Mimi nililala nikihesabu. Siku mbili kuteremka, akijitahidi. Baba kupanda, majivu matano. Nikaona haiwezekani. Nikamwita mume wangu, nikamwambia kaburi langu walipandishie udongo mwingi, na mawe juu, lisilale na mvua, Baba asipate shida ya kulitafuta. Alinikasirikia sana, akatoka nje, nikamsikia analia kule dunguni, kwenye kibanda cha kulindia mpunga.

Siku ya tano tangu kaka yake aondoke, jua likiwa limeanza kuteremka, nilifumbua macho nikamwona mtu amechuchumaa kando ya kitanda. Nilidhani ni mgeni, kwa sababu hakunuka moshi. Alinuka matope na samaki. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, na mkono ulikuwa wa baridi kama umetoka kisimani, na ulikuwa na ngozi ngumu ya mtu wa tezo.

"Baba?" nikasema.

"Mimi."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka, hajui la kufanya. Kwa hiyo akafanya anachofanya kila mtu wa bondeni mgeni akifika.

"Shikamoo, baba. Majivu mangapi?"

Baba aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akapapasa chini kabisa, akatoa kile kibiriti. Kilikuwa bado kimefungwa kwenye kipande kilekile cha mpira, na karatasi ya dukani bado nzima. Akamkabidhi mume wangu.

"Washa moto," akasema. "Mwanangu apate uji."